Dawa ya Deni

Ulikuja ndani ya kikapu cha machungwa ya Muheza
badala ya elfu nne za tairi la nyuma
ambazo Singano hakuwa nazo, wala hakuwahi kuwa nazo.
Baba alikuinua kwa ngozi ya shingo, akakutazama tumbo,
akasema, "Haya. Deni kwa Deni, tumemalizana."
Jina likakuganda kama solusheni.

Miaka kumi na minne Pongwe iliteseka.
Mama akisimama mlangoni usiku, "Deni! Deni wee!"
Mchuma alifungua dirisha la duka kuona nani amekuja kulipa,
na wenye kurasa zao daftarini wakazima taa.

Mchana ulilala chini ya baiskeli zilizopinduliwa,
magurudumu yakikuzungukia juu kama feni za wakubwa.
Pampu ikilia, sikio moja linasimama.
Swala ya baba uliijua kwa mnyororo wake
kabla haijavuka reli.

Baba akaenda Bombo, akarudi ndani ya sanduku.
Sisi tulilia siku arobaini.
Wewe hukulia.
Wewe uliendelea kusikiliza reli.

Na Bi Mashavu, ng'ambo ya ua wa makuti:
"Sina ugomvi nawe, mwanangu,
ila usinisogelee na udhu wangu."
Lakini kila Ijumaa, kichwa cha changu juu ya kigae,
upande wetu.
Hatukumwuliza. Naye hakusema.

Kisha macho yakaingia maziwa.
Nyonga zikawa ekseli iliyokwisha gololi.
Usiku nilikubeba hadi kwenye mstafeli ukojoe,
nikikushika kiuno kama anayefundisha mtoto baiskeli,
nawe ukigeuza uso pembeni, kwa haya.

Wiki hii umekataa hata utumbo.

Leo alfajiri nimeazima mtalimbo.
Udongo wetu, unaujua, shibiri moja tu kisha chokaa,
chuma kinagonga, cheche, chuma kinagonga.
Nilitaka nimalize ukiwa umelala.
Ukaja. Ukijikokota, ukipumzika, ukijikokota tena,
ukajilaza ukingoni, kidevu juu ya kifusi,
kunitazama nafanya kazi
kama ulivyomtazama yeye.
Nisamehe, sikuweza kuacha. Jiwe lilikuwa limebaki dogo.

Saa tatu bwana mifugo kafika na pikipiki,
kofia ngumu kwapani, mkoba wa plastiki.
"Anaitwa nani?"
Nikamwambia. Akacheka.
Kisha akaona uso wangu, akawa anatafuta bomba la sindano
mahali ambapo halikuwepo.

Hapo ndipo makuti yalipochakarika.
Bi Mashavu kapenya kwenye pengo la ua,
mkono wa baibui kaukunja hadi kiwiko
kama mtu anayekwenda kukanda unga.
Akachuchumaa. Magoti yakalia.
Akakuwekea kiganja kwenye paji
na wewe, uliyekwisha kusahau maji,
ukatoa ulimi, ukamlamba vidole
kimoja kimoja.
Hakuuondoa mkono.

Sindano haikuwa kitu.
Ulikwisha kama tyubu iliyochomwa mwiba, si kwa kishindo,
pole pole, hadi nikajikuta
nasikiliza upepo unapotokea
nipate pa kubandika kiraka.

Tumekufunika kwa gunia la mkonge na ovaroli yake,
ile yenye grisi ambayo mama hakutaka kuifua.
Bi Mashavu akachota udongo juu ya kaburi, konzi moja,
akaenda nao bombani kwake.
Nilimsikia akihesabu.
Moja, kwa udongo. Mbili. Tatu.
Alipofika saba maji hayakufungwa,
yaliendelea kumwagika muda mrefu
na maji Pongwe ni ghali.

Bwana mifugo nimempa elfu ishirini na tano.
Amenirudishia tano. Sikuuliza kwa nini.

Usiku nimefungua mlango kwa mazoea,
nikavuta pumzi,
nikakumbuka, nikaifunga midomo.
Kule ng'ambo dirisha la Mchuma
likafunguka lenyewe,
likangoja.